Jina Alilolitaja Kabatesi

Tangu Jumapili ile ya mwanzo wa Februari, Kabatesi hajaomba tena kwa sauti kanisani. Mchungaji anapomwita asimame, yeye hutikisa kichwa na kuinamia Biblia yake, na mtu mwingine huinuka badala yake. Waumini wa kanisa dogo la Methodisti la Mbugangari, mtaa wa Gisenyi ulio juu kidogo ya Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda na Kongo, wameshazoea. Wapo wanaosema amezeeka, na wapo wanaosema ana tatizo la koo. Mwenyewe hajibu lolote, kwa kuwa kueleza kungemlazimu kutaja jina la mtu, na jina hilo alikwisha kulitaja mara moja, mahali pasipostahili.

Kabatesi ana miaka sitini na ushee. Wazazi wake walikuwa wakimbizi Karagwe, upande wa Tanzania, na huko ndiko alikozaliwa na kusoma. Aliporudi Rwanda alikuja na watoto wawili, cherehani, na Kiswahili ambacho watu wa Gisenyi walikiita cha redio. Mumewe alifuata baadaye, akafa mapema. Cherehani iliharibika. Kiswahili kilibaki, pamoja na kibanda cha unga wa muhogo kando ya njia inayoshuka mpakani, ambako kila asubuhi wanawake hupita na beseni vichwani kwenda kuuza Goma, upande wa Kongo.

Kanisa lenyewe lilianzia kwenye njia hiyo. Mwanzilishi wake, mwinjilisti Twagirimana, alitoka Goma akiuza nyuzi, sindano na vifungo. Alfajiri, kabla mpaka haujafunguliwa, wachuuzi walikuwa wakisubiri kwenye uwanja wa muuza makaa, naye akaanza kuwasomea Injili hapo hapo, katikati ya magunia. Kisha akawafundisha desturi ya Wamethodisti wa kale: watu wachache hukutana kila wiki, kiongozi humwuliza kila mmoja, "Roho yako iko namna gani?" na kila mmoja hujibu ukweli. Mkutano huo uliitwa darasa.

Mwanzoni darasa halikuwa na sauti. Miaka ilikuwa bado michache tangu 1994. Kwenye uwanja ule wa makaa walikaa bega kwa bega waliorudi kutoka Uganda, waliorudi kutoka Tanzania, waliotoka kambi za Kongo, na wale ambao hawakuwahi kuondoka. Hakuna aliyejua jirani yake alipoteza nini, wala alifanya nini. Kila aliyeulizwa alijibu, "Nzuri, namshukuru Mungu," akafunga mdomo.

Ndipo Twagirimana alipowaambia wageuze vikapu vyao vifudifudi na kuvikalia.

"Maneno yote tunasema hapa, iko chini ya kikapu," alisema. "Tukimaliza, kila mutu akamate kikapu yake, akung'ute hapa hapa. Kama neno moja itaanguka kule njiani, basi kanisa imekufa."

"Na mwenye beseni ya samaki je?" aliuliza mama mmoja. "Nikalie samaki?"

Walicheka sana, lakini waligeuza vikapu. Wiki iliyofuata mwanamke fulani alilia mbele ya wenzake kwa mara ya kwanza tangu arudi nchini, akasema kilichokuwa kinamnyima usingizi. Kabatesi alikuwepo. Mpaka leo hajamwambia mtu mwanamke huyo alikuwa nani.

Kutokana na darasa hilo lilitokea kanisa. Wanawake wale wale walibeba mawe meusi ya volkano vichwani, wakirudi nayo kutoka sokoni badala ya kurudi na beseni tupu, mpaka kuta zikapanda. Baadaye, serikali ilipotaka kila kanisa liwe na vyoo na dari ya kuzuia kelele, milango ilifungwa kwa miezi mingi na kwaya ikatawanyika. Watu wa darasa waliendelea kuulizana habari za roho njiani, wakitembea. Twagirimana alipokuwa mgonjwa wa kufa, alimwita Kabatesi na kumkabidhi darasa. Alimwambia alimchagua kwa sababu ya mdomo wake, kwamba ulijua kuomba na ulijua kunyamaza.

Belyse aliingia darasani miaka miwili iliyopita, baada ya kuolewa na Gentil, kijana mwendesha pikipiki. Ni msichana wa Gisenyi, mchuuzi wa nyanya, mwepesi wa kucheka, aliyekulia nusu ya utoto wake Goma kwa shangazi yake. Alikaa nyumba moja na mama mkwe wake, Nyirasafari, ambaye kila Jumapili hukalia benchi la pili, mkoba mapajani, na ambaye hakuna harusi wala msiba Mbugangari unaopangwa bila kuulizwa yeye.

Siku moja mwezi wa Novemba, darasa lilikutana kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa. Zamu ilimfikia Belyse.

"Belyse mwanangu, roho yako iko namna gani?"

"Bon, mama, iko nusu." Wenzake walicheka. "Kweli, musicheke. Nusu iko hapa, nusu iko Goma."

"Gentil anajua ameoa nusu?" alichokoza Ingabire, mshonaji wa mtaani aliyekaa karibu yake.

Belyse hakucheka tena. Alieleza polepole, akiangalia sakafu. Kabla hajamjua Gentil alizaa mtoto wa kike. Jina lake Uwimbabazi. Sasa ana miaka sita na anaishi Birere, mtaa wa Goma, kwa shangazi yule yule.

"Kila mara navuka na nyanya, napita kumuona. Namupatia maziwa, namusuka nywele, narudia. Nilisema nitamuambia Gentil mbele ya ndoa. Nikaogopa. Nikasema nitamuambia kiisha ndoa. Sasa kila siku inapita, ile uongo inakomaa."

Hakuna aliyemlaumu. Kabatesi alimshika mkono, akaomba kwa sauti ya chini, na mwishoni akamshauri amwambie mumewe mwenyewe, wakiwa wawili tu, kabla habari haijamfikia kwa njia nyingine. Belyse aliahidi kufanya hivyo Krismasi. Walikung'uta vikapu, wakaondoka. Krismasi ilikuja ikapita, na kila Kabatesi alipokutana na macho ya Belyse kanisani, msichana alitikisa kichwa kidogo: bado.

Mwishoni mwa Januari vita vilifika Goma. Mbugangari madirisha yalitetemeka, watu walilala sakafuni, mpaka ukafungwa. Ulipofunguliwa walivuka maelfu, wengine wakiwa na godoro, wengine bila viatu. Kila familia ya Gisenyi ina mtu Goma, kwa hiyo kila familia ilikuwa na simu mkononi ikipiga namba isiyoita.

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa hadi mlangoni. Mchungaji Rwema, kijana aliyesomea theolojia Uganda, alitangaza kwamba mahubiri yatakuwa mafupi na maombi yatakuwa marefu. Akamwita Kabatesi mbele.

Alistahili kuitwa. Kwa miaka mingi, Kabatesi akiomba, watu walitoka kanisani wakisema leo tumeombewa. Alifumba macho, akaanza. Alimwombea dada wa Ingabire, aliyekuwa mtaa wa Himbi, Goma. Amina, wakaitikia. Alimwombea baba wa Hitimana wa kwaya, aliyekuwa hospitali huko. Amina! Aliombea vijana watatu waliokwenda kununua vitenge na hawajarudi. Amina! Kila jina lilivuta sauti kubwa kuliko jina lililotangulia. Mtu alikuwa analia upande wa kushoto. Kabatesi alihisi kanisa zima limeshikana na kinywa chake, kwamba akinyamaza litaanguka. Majina aliyopewa yakaisha, na bado kanisa lilikuwa linangoja.

"Na mkumbuke, Bwana, mtoto wa dada yetu Belyse," alisema, "yule mdogo Uwimbabazi, aliye huko Birere, bila mama yake..."

Amina iliyofuata ilikuwa nyembamba. Ilitoka nyuma tu.

Alifumbua macho. Kwenye benchi la pili Belyse alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha. Pembeni yake Nyirasafari alikuwa anageuka taratibu kumtazama.

"Mutoto gani?" Nyirasafari aliuliza. Hakuuliza kwa kelele, lakini kanisa lilikuwa kimya, na kila mtu alisikia.

Kabatesi hakukomea hapo. Hili ndilo linalomrudia zaidi kuliko mengine. Aliendelea haraka, akawaombea madaktari, akawaombea viongozi, akaombea amani ya nchi zote mbili, maneno mazuri yaliyopangwa vizuri, akijaribu kulifunika lile jina kwa majina mengine. Alipomaliza na kurudi mahali pake, Belyse alikuwa ameshatoka.

Gentil alizikuta habari kijiweni kabla ya saa sita mchana. Wenzake wa pikipiki walimzunguka.

"Felisitasyo, papa! Kumbe we ni muzee wa familia!"

"Miaka sita! Na hujatununulia hata fanta moja ya mutoto!"

Alidhani wanatania. Walipomweleza, alipanda pikipiki akaenda nyumbani, na hakuna aliyeshuhudia walichosemezana. Jioni hiyo Belyse alipita mbele ya kibanda cha Kabatesi akiwa na begi moja, akishuka mpakani. Kabatesi aliinuka. Belyse hakugeuza kichwa.

Alimkuta mtoto kwa shangazi, akiwa mzima, akavuka naye kurudi Gisenyi. Hawakwenda kwa Gentil. Alipanga chumba Byahi, mtaa mwingine wa Gisenyi, akarudia biashara yake, na kanisani hakuonekana tena.

Darasa liliendelea kukutana. Kabatesi aliuliza swali kama kawaida, na kama kawaida kila mmoja alijibu. "Nzuri, namshukuru Mungu," alisema Ingabire. "Nzuri, namshukuru Mungu," alisema aliyefuata, na aliyemfuata huyo. Hakuna aliyemsema vibaya. Waligeuza vikapu, wakavikung'uta kwa heshima, na Kabatesi akaona ya kuwa chini ya vikapu hakukuwa na kitu. Kazi ya Twagirimana, iliyostahimili miaka ambayo watu waliogopa hata salamu, ilikuwa imeisha kwa sentensi moja, na sentensi hiyo aliisema yeye, amefumba macho.

Alikwenda kwa mchungaji.

"Mama, uliomba," Mchungaji Rwema alimwambia, akimsogezea kiti. "Watu wanaua huko, wewe unajihukumu kwa kumwombea mtoto? Ulifanya kwa upendo."

"Siyo upendo peke yake, Mchungaji."

"Ni nini tena?"

Kabatesi alikaa kwanza. Kisha alisema, "Nilitaka amina nyingine."

Mchungaji alicheka, siyo kwa dharau. "Sote tunapenda amina, mama yangu. Hata mimi."

Alimwombea, akamsindikiza hadi langoni. Njiani kurudi, Kabatesi aliona mzigo umeongezeka badala ya kupungua, maana sasa alikuwa amekwisha kusema na hakuna aliyemsikia.

Alitaka jambo moja tu: Belyse arudi nyumbani kwake, na mtoto wake. Basi alifunga kibanda mapema siku moja, akaenda kwa Nyirasafari. Alimkuta uani akichambua maharagwe kwenye ungo.

"Yooo, mukubwa wa darasa," alisema Nyirasafari bila kuinuka. "Karibu. Leo umekuja kutangaza nini?"

"Nimekuja kukuomba umpokee mkweo."

"Mukwe gani? Ule ulimutaja, ao kuko mwingine sijajua bado?"

Kabatesi alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Kosa ni langu, Nyirasafari. Siyo lake."

"Yake iko. Alinificha. Alimuficha mutoto wangu." Nyirasafari alitupa jiwe dogo kutoka kwenye maharagwe. "Lakini unisikilize vizuri. Kama Belyse mwenyewe angekuja hapa, akae pale umekaa, aniambie: mama, niko na mutoto. Mi ningefanya fujo. Ningelia, ningemutukana. Kesho yake ningeuliza: huyu mutoto anakulaka nini? Mi ni mama, sina moyo wa chuma. Lakini mi nilijua pamoja na kwaya. Wapiga ngoma walijua saa moja na mimi. Sasa nifanye nini, Kabatesi? Nimupokee, watu waseme Nyirasafari alikuwa anajua, anatuficha? Nimufukuze, waseme mi niko mubaya? Uliniachia wapi pa kusimama?"

"Sikufikiri."

"Wewe? Kufikiri ndio kazi yako."

Hakumpa hata maji. Kabatesi hakuyastahili, na wote wawili walilijua hilo.

Mwezi wa Julai Mchungaji Rwema alitangaza kwamba yubile ya miaka ishirini na mitano ya kanisa, ambayo vita viliichelewesha, itafanyika Agosti. Alimtaka Kabatesi asimulie historia, kwa kuwa kati ya watu wa uwanja wa makaa ni yeye peke yake aliyebaki akiweza kusimama. Kabatesi alikubali upesi kuliko mchungaji alivyotarajia. Alikuwa ameona nafasi. Kosa lilitendeka mbele ya kanisa, basi litaungamwa mbele ya kanisa, wageni wakisikia, na Belyse atarudishiwa heshima yake. Kwa siku kadhaa alilala vizuri.

Lakini safari hii aliona heri amwambie Belyse mwenyewe kwanza. Alimpata karibu na Petite Barrière, amepanga nyanya juu ya gunia. Nyuma yake mtoto wa kike mwenye nywele zilizosukwa vizuri alikuwa anaiviringisha chupa tupu kwa mguu.

"Hizi nyanya ni za leo, ao zilikuja na wakimbizi?" mteja mmoja alikuwa anamchokoza.

"Ziko za leo kuliko uso yako, papa. Chukua ao uache, unanifungia njia."

Mteja akachukua, akicheka. Belyse alimwona Kabatesi, na kicheko kikamtoka usoni.

"Mama Kabatesi."

"Belyse mwanangu. Nimekuja kukuomba msamaha."

"Bon. Umeomba."

"Na siku ya yubile nitaomba tena, mbele ya watu wote. Nitasema mimi ndiye niliyekosa."

Belyse aliweka chini nyanya aliyokuwa anaifuta. "Utasema ulikosa nini?"

"Kwamba nilitoa siri yako."

"Siri gani? Watauliza. Wale walisahau watakumbuka. Wale hawakukuwa ile siku, wageni ya Kigali, wageni ya Goma, watauliza jirani: ni nani huyo Belyse, alifanya nini? Donc utanitaja mara ya pili, ili wewe upone."

Malori yalipiga honi, mtoto akaokota chupa yake, akaja kuegemea mgongo wa mama yake.

"Ile siku," Belyse aliendelea, sauti imeshuka, "mi nilikuwa naomba pia. Simu ya shangazi haiiti. Nilikuwa nasema moyoni, Mungu, Uwimbabazi, Uwimbabazi. Halafu nikasikia ile jina kwa kinywa yako. Mungu alikuwa anaijua tayari, mama. Haukukuwa na lazima ya kumukumbusha na mikrofoni."

"Niambie nifanye nini. Chochote."

"Unyamaze. Iyo njo kazi nakupatia. Usinitaje, hata kwa kunisifu. Hata kwa kuniombea."

"Na uzito huu?"

"Ubebe," alisema Belyse. "Mi niko na nyanya."

Kabla ya yubile Kabatesi alimpa Ingabire uongozi wa darasa. Alisingizia miguu. Alidhani angalau hilo litapita kimya kimya.

Siku ya sherehe kanisa lilipambwa kwa vitambaa vyeupe na vya samawati. Kabatesi alisimama, mikrofoni mkononi, akasimulia. Alisema juu ya Twagirimana na vifungo vyake, juu ya uwanja wa makaa, juu ya mawe meusi. Alipofika kwenye vikapu, alikatiza maneno. Kwenye benchi la pili Nyirasafari alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, kidole gumba juu ya kifungo. Watu walisubiri. Sentensi ilikuwa imesimama tayari mdomoni, fupi, na angeitoa angepumua.

"Hivyo ndivyo darasa lilivyoanza," alisema, akarudisha mikrofoni.

Haikuishia hapo. Mchungaji Rwema alimzuia kwa mkono asirudi kukaa. Alitangaza kwamba mama huyu ameongoza darasa miaka mingi kwa uaminifu, ametunza siri za roho za watu, na sasa anapumzika. Kanisa limemwandalia zawadi. Akina mama walikuja wakicheza kutoka mlangoni, wakiwa na kitenge kipya cha njano na kijani, wakamfunga mabegani. Vigelegele vilipanda hadi kwenye dari. Ingabire, aliyekuwa ameshika pindo moja la kitenge, hakumtazama machoni.

Kabatesi angeweza kukivua. Lakini angelazimika kusema kwa nini. Kwa hiyo alisimama ndani ya kitenge kile, akainamisha kichwa, na watu wakaona ni unyenyekevu, wakapiga vigelegele zaidi.

Baada ya ibada, wageni wakiwa wanagawiwa chakula, Nyirasafari alimfuata kwenye bomba la kunawia.

"Kitenge iko muzuri," alisema.

"Usinitese, Nyirasafari."

"Sikutesi. Rangi yake iko muzuri." Alinawa mikono, akaikausha kwa pindo la nguo yake, akaangalia huku na huku. "Nilikuwa nazani utatutaja."

"Hapana."

"Nilikuwa tayari kusimama nitoke." Nje ya lango Gentil alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake, akimngoja mama yake, helmeti kichwani ingawa hakuna safari. Nyirasafari alimwangalia, kisha akasema upesi, kama mtu anayetupa kitu, "Anakaa wapi, yule?"

Kabatesi alijua nyumba, alijua rangi ya mlango, alijua mahali gunia la nyanya linapotandikwa na saa linapotandikwa. Kwa nusu mwaka alikuwa ameomba, bila sauti, kwamba mwanamke huyu aulize swali hili. Neno moja tu, na kesho Nyirasafari angekuwa Byahi akipiga hodi.

"Nitamwuliza kwanza kama nikuambie," alisema.

Nyirasafari alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "We? Leo ndio unajua kuuliza?"

"Leo."

"Muda umechagua, kweli." Alichukua mkoba wake, akaenda zake langoni, akapanda pikipiki ya mwanawe akikalia upande.

Jumatatu asubuhi Kabatesi alishuka mpakani. Belyse alimsikiliza hadi mwisho, akipanga nyanya, kubwa chini, nzuri juu.

"Aliuliza mwenyewe? Haukumusukuma?"

"Sikumsukuma."

"Na Gentil alikuwa wapi?"

"Nje ya lango. Juu ya pikipiki. Hakushuka."

Belyse aligeuka kumtazama mtoto, aliyekuwa anachora kitu vumbini kwa kijiti.

"Usimuambie mama mukwe," alisema.

"Sawa," alisema Kabatesi.

"Usimuambie kitu, mama. Wala kwamba nimekataa, wala kwamba nimekubali. Kama nitaenda, nitaenda mi mwenyewe, na mutoto kwa mukono, nipige hodi. Kama siendi, siendi. Umesikia?"

"Nimesikia."

Ilibaki kidogo aulize ni lini. Neno lilifika kwenye meno, akalirudisha. Aliaga, akapanda njia kurudi kibandani, na hakujua kama alichofanya kilikuwa malipo ya kosa lake au kosa jingine. Kama wangepatana, ukimya wake ungewachelewesha. Kama wasingepatana, angeishi akijua siku moja mlango ulifunguka kidogo na yeye akauacha bila kuugusa.

Alhamisi, Nyirasafari alikuja kununua unga. Hakuwa na kawaida ya kununua hapo.

"Kilo mbili," alisema. Kisha, "Ulimuuliza?"

"Nilimwuliza."

"Alisema nini?"

Kabatesi alichota unga, akaumimina kwenye mizani, akapunguza kidogo kwa kijiko. "Atakayosema atasema yeye mwenyewe."

"Ni hayo tu? Ile siku mudomo wazi, na leo unanifungia?"

"Ni hayo tu, Nyirasafari."

Nyirasafari alipokea mfuko wake bila kuaga. Lakini hakupanda kwenda nyumbani. Alisimama kando ya njia, mfuko wa unga umeegemea kiuno, akiwatazama wanawake wanaoshuka mpakani na beseni vichwani, mmoja baada ya mwingine, akichungulia kila uso unaopita. Kabatesi, ambaye angeweza kunyoosha kidole tu kuelekea kule nyanya zinapouzwa, alimgeukia mteja mwingine, akaendelea kupima unga.